Mtoto wa Mlimani: Historia ya Elimu ya Makuzi Ikitazamwa kutoka Mgeta

Tarafa ya Mgeta imeegemea upande wa magharibi wa safu ya milima ya Uluguru, wilayani Mvomero, Tanzania. Juu yake umetanda uwanda wa Lukwangule, na chini yake Mto Mgeta unateremka kwenda kuungana na maji ya Ruvu, ambayo mwisho wake hunywewa Dar es Salaam. Nyandira, Langali, Tchenzema na Bunduki zinafahamika kwa kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo na matunda ya baridi. Mashamba yamechongwa ngazi kwa ngazi kwenye miteremko ambayo trekta haiwezi kuikanyaga. Kazi yote ni ya jembe la mkono, na mzigo hupanda na kushuka kichwani. Mama anayelima huko mara nyingi ana mtoto mgongoni, na asipokuwa naye mgongoni, mtoto huyo yuko kwa bibi au kwa dada yake mwenye umri wa miaka saba au minane.

Hapo ndipo historia ya elimu ya makuzi ya mtoto inapostahili kuanzia kwa msomaji wa Kiswahili. Vitabu vingi vya somo hili huanzia Ulaya, kwenye vyumba vya watafiti. Lakini swali ambalo elimu hiyo imelizunguka kwa takriban miaka mia moja ni lile lile ambalo familia ya mlimani hulijibu kila alfajiri kabla ya jembe kubebwa: leo nani atamshika mtoto, na atakuwa na muda gani naye? Katika safari ndefu ya kulijibu, Afrika Mashariki haikuwa mwanafunzi tu. Baadhi ya majibu makubwa yalipatikana katika nyumba zetu wenyewe.

Shule kabla ya shule

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, ardhi ilirithiwa kwa njia hiyo, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya maisha yake: ndoa yake, makosa yake, mahali pake pa kulima. Baba alikuwepo na alipendwa, ila mtoto hakuwa wake peke yake. Tangu kuzaliwa alikuwa na watu wengi wanaowajibika kwake: mama, bibi mzaa mama, wajomba, mama wadogo na ndugu waliomtangulia. Msemo wa Kiswahili kwamba mkono mmoja haulei mwana ulikuwa sheria ya nyumba kule mlimani.

Malezi yenyewe yalikuwa na mtaala, ingawa haukuandikwa. Umri ulipimwa kwa yale mtoto aliyoweza: kukaa, kuota meno, kutembea, kutumwa. Mtoto anayeweza kutumwa kwa jirani akarudi na jibu sahihi alikuwa amevuka daraja fulani la akili, na watu wazima walilitambua. Baadaye wavulana walikwenda jando na kila msichana aliwekwa ndani kama mwali.

Katika elimu ya mwali kulikuwa na kifaa ambacho leo kinaonekana katika makumbusho ya Ulaya. Wazaramo, Wakwere, Waluguru na majirani zao walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti yenye kiwiliwili cha duara na nywele zilizochongwa juu ya kichwa. Mwali alipewa sanamu hiyo aitunze kama mtoto: aiogeshe, aipake mafuta, ailaze. Ilikuwa mali ya ukoo na ilirithishwa. Wazee waliamini kwamba matunzo yake yalihusiana na uzazi wa msichana. Pamoja na imani hiyo, kulikuwa na somo la vitendo: kabla hujapewa mtoto wa kweli, mikono yako ijifunze kutunza.

Elimu hiyo ilikuwa na upande mgumu pia, na haki ni kuusema. Kuwekwa ndani kwa muda mrefu kulimnyima msichana jua, michezo na wenzake, na baadaye kulishindana na darasa. Hekima ya kale haikuwa na hekima katika kila kipengele chake, na anayeipenda kweli hana sababu ya kuficha hilo.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua kituo Bagamoyo mwaka 1868, na kabla ya karne hiyo kwisha walikuwa wamefika Uluguru. Misheni ya Matombo ilianzishwa mwaka 1897. Pamoja na misheni ilikuja shule, na pamoja na shule likaja wazo jipya kuhusu mtoto: kwamba ana umri wa kuhesabiwa kwa miaka, darasa la kukaa na wenzake wa rika moja, na mwalimu ambaye si ndugu yake. Mtoto wa mlimani akawa na nyumba mbili za elimu. Kwa muda mrefu nyumba hizo hazikuzungumza.

Watu wawili wa mwaka 1896

Wakati misheni zikijengwa Uluguru, Ulaya walizaliwa watu wawili ambao mwalimu yeyote wa chuo cha ualimu nchini leo hukutana na majina yao. Jean Piaget alizaliwa Uswisi mwaka 1896, na Lev Vygotsky alizaliwa mwaka huo huo katika himaya ya Urusi.

Piaget aliwatazama watoto kwa umakini wa mtu anayechunguza viumbe hai, kazi ambayo kweli ilikuwa fani yake ya kwanza. Aliwaangalia watoto wake watatu tangu uchanga wao na kuandika kila walichofanya na vitu vilivyokuwa mbele yao. Akahitimisha kwamba mtoto si mtu mzima mwenye akili pungufu: hufikiri kwa namna yake, hujijengea maarifa kwa kushika, kuonja, kuangusha na kurudia, na hupita hatua moja baada ya nyingine.

Vygotsky aliishi miaka 37 tu, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934. Yeye alisisitiza watu wanaomzunguka mtoto. Kuna jambo ambalo mtoto hawezi kulifanya peke yake leo, lakini akiwa na mkubwa anayemwongoza analiweza. Na kile anachokiweza leo kwa msaada, kesho atakiweza mwenyewe. Mtu yeyote aliyeona bibi akimshika mjukuu mkono ili amfundishe kuchambua maharage ameiona nadharia hiyo ikitembea.

Ukweli wake ulipimwa baadaye papa hapa Tanzania. Watafiti Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walifanya kazi na watoto wa shule katika eneo la Bagamoyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Badala ya kuwapa watoto mtihani mara moja na kuandika alama, waliwapima, wakawafundisha kwa muda mfupi mbinu za kufikiri zilizohitajika, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda. Mtoto aliyeonekana hajui alikuwa hajaonyeshwa. Hilo ni somo zito kwa nchi yoyote inayomhukumu mtoto kwa mtihani mmoja.

Kabla ya hapo, mwaka 1940, kilitoka kitabu kuhusu utoto wa Wachagga kilichoandikwa na Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa Kilutheri wa Kilimanjaro. Raum aliandika kwa kirefu juu ya michezo ya watoto, jinsi walivyoigiza kazi na desturi za wakubwa, na jinsi mzazi na mtoto walivyovutana. Wakati ambapo wageni wengi waliamini kwamba mtoto wa Kiafrika hulelewa bila mpango, kitabu hicho kilionyesha kwamba palikuwa na elimu kamili.

Mwaka 1955 kwenye vilima viwili

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Shirika la Afya Duniani lilimwomba daktari Mwingereza, John Bowlby, aeleze hali ya watoto waliopoteza wazazi au waliolelewa katika taasisi. Ripoti yake ya mwaka 1951 ilisema kwamba mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama au mtu anayeshika nafasi yake, kama anavyohitaji chakula. Katika ofisi yake London alifanya kazi mtafiti Mary Ainsworth, aliyekulia Kanada. Mume wake alipopata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, Ainsworth akafika naye Kampala mwaka 1954.

Akaamua kuwatembelea akina mama majumbani. Alichagua familia 26 zenye watoto 28 katika vijiji vya Buganda, akaenda kwao kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, akiongozana na mkalimani wake, Katie Kibuka. Walikaa mchana, wakati mama ametoka shambani na anapokea wageni, wakatazama na kuuliza. Kama shukrani, familia zilipata usafiri wa kwenda kliniki na maziwa ya unga kwa bei nafuu.

Aliyoyaona yaligeuza somo zima. Mtoto alimtumia mama kama mahali salama pa kuanzia: alitambaa kwenda kuchunguza, akageuka kumtazama, akarudi, akaondoka tena. Watoto 16 kati ya 28 walikuwa na mfungamano ulio imara na mama, 7 walikuwa na wasiwasi, na 5 walikuwa bado hawajaonyesha mfungamano. Alipotafuta sababu, hakuona kwamba kulelewa na watu wengi kulimdhuru mtoto. Kilichotofautisha ni muda ambao mama alimpa mtoto, na jinsi alivyomjua. Akina mama walioweza kusimulia habari za mtoto wao kwa undani, anachopenda, anacholilia, anavyobadilika, ndio waliokuwa na watoto waliotulia. Kitabu chake kuhusu utoto mchanga Uganda kilitoka mwaka 1967. Utafiti wake mashuhuri wa Baltimore, Marekani, unaofundishwa katika vyuo vya dunia nzima, ulifuata baada ya Uganda na ulisimama juu ya yale aliyojifunza katika nyumba za Waganda.

Sasa tazama Uluguru katika miaka hiyo hiyo. Serikali ya kikoloni iliogopa mmomonyoko wa udongo, ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru na kuwalazimisha wakulima kuchonga matuta ya ngazi milimani. Wataalamu walipima miteremko, udongo na mvua. Hawakupima siku ya mwanamke. Kazi ya kuchonga matuta ilikuja juu ya kulima, kupalilia, kuchota maji, kutafuta kuni, kupika na kunyonyesha. Upande wa mashariki, ambako ngazi hazikuleta mavuno ya kueleweka, chuki ilipanda hadi ghasia za Matombo mwaka 1955, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Mgeta mambo yalikwenda tofauti. Huko kulikuwa na mboga za kuuza, na ngazi zilizomwagiliwa maji zililipa, kwa hiyo zilibaki na zipo hadi leo.

Katika mwaka mmoja wa 1955, basi, Afrika Mashariki ilikuwa na vilima viwili vyenye somo moja. Buganda, mgeni alikaa chini na kuuliza mama ana muda gani na mtoto wake, na akaondoka na ugunduzi. Uluguru, wageni walitoa amri bila kuuliza, na wakaondoka na ghasia.

Kenya: kinachofundishwa ndicho kinachokua

Ainsworth hakuwa peke yake; watafiti wengine nao waliingia majumbani. Robert LeVine alianza kazi yake kwa Wakisii wa Kenya mwaka 1955, akarudi tena miaka ya 1970. Aliona akina mama waliombeba mtoto kwa muda mrefu, waliomnyamazisha haraka akilia, waliomnyonyesha usiku na mchana. Lakini walizungumza naye kidogo, na hawakumtazama usoni mara kwa mara. LeVine alieleza sababu kwa heshima: pale ambapo vifo vya watoto wachanga ni vingi, kazi ya kwanza ya mama ni kumlinda abaki hai; maneno yanaweza kungoja hadi akue.

Katika kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis, Charles Super na Sara Harkness walitazama jinsi watoto wanavyoanza kukaa na kutembea. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, na wageni wa awali walikuwa wamedhani ni sifa ya damu. Super alionyesha kwamba akina mama waliwafundisha: walichimba kishimo kidogo na kumkalisha mtoto humo, walimshika makwapa atembee. Katika yale wasiyofundishwa, kama kutambaa, hawakuwatangulia wenzao. Mwili wenyewe husikiliza malezi.

Thomas Weisner, aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya, aliandika mwaka 1977 pamoja na Ronald Gallimore juu ya walezi ambao sayansi ilikuwa imewasahau, yaani kaka na dada. Walionyesha kwamba katika sehemu kubwa ya dunia mtoto hulelewa na mtoto mwenzake, chini ya jicho la mtu mzima. Mtoto anayelea hujifunza subira na wajibu. Lakini kuna mpaka: dada wa miaka saba hawezi kuwa mama, na saa anazobeba mdogo wake zikizidi huwa zinatoka kwenye michezo na masomo yake mwenyewe. Familia ya Mgeta inaijua hesabu hiyo vizuri.

Baada ya uhuru

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto walielimishwa kwa kuishi na kutenda, na kwamba kutokuwa na majengo ya shule hakukuwa na maana ya kutokuwa na elimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 nchi ikaanza kuandikisha watoto wote wa umri wa shule. Vijijini vilifunguliwa vituo vya kulelea watoto mchana ili mama aweze kwenda shambani, na mwaka 1981 Bunge likatunga sheria ya vituo hivyo. Mabadiliko haya yalikuwa na gharama isiyozungumzwa: dada aliyekuwa akimbeba mdogo wake sasa alikaa darasani, na nafasi yake nyumbani ilihitaji mtu.

Jibu moja kubwa lilitoka Iringa. Kuanzia mwaka 1983, serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani waliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168. Mtoto alipimwa uzito hadharani, na wanakijiji walijadili kwa nini haongezeki. Iligundulika kwamba kuwa na mahindi ghalani hakukutosha. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, anahitaji kula mara nyingi kwa siku, na mama aliye shambani tangu asubuhi anaweza kumlisha mara mbili tu. Kutokana na uzoefu huo, na kwa mchango wa watu kama Urban Jonsson, UNICEF mwaka 1990 ilipitisha mfumo wa kueleza utapiamlo ambao bado unatumika duniani: afya ya mtoto husimama juu ya chakula, huduma za afya na matunzo. Matunzo, ambayo wapangaji walikuwa wakiyaona ni jambo la ndani ya nyumba, yakaingia katika sera za dunia kwa sababu wanakijiji wa Tanzania waliulizwa jinsi siku yao inavyokwenda.

Mgeta nako, miaka hiyo ya 1980, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa ushirikiano na wataalamu wa Norway kilipeleka mbuzi wa maziwa. Ng'ombe ni shida kwenye miteremko ile, lakini mbuzi hufugwa ndani ya banda lililoinuliwa karibu na nyumba, hulishwa majani, na mbolea yake hurudi shambani kwenye karoti na kabichi. Maziwa yanapatikana hatua chache kutoka jikoni, mahali ambapo mtoto aliyeachishwa ziwa anayahitaji zaidi. Mradi wa mifugo ukawa, kwa njia yake, mradi wa makuzi.

Leo, na mizani ya kupimia

Tangu hapo sheria na sera zimekwenda mbali. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ikatunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009, na sera ya elimu ya mwaka 2014 ikaifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Desemba 2021, jijini Dodoma, ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu ujauzito hadi miaka minane kwa mambo matano kwa pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio ndiyo yale aliyoyaona Ainsworth: mtoto anatoa ishara, mkubwa anaiona, anaielewa na kuijibu. Ndiyo pia yanayojaza pengo aliloliona LeVine: mtoto anayebebwa azungumzishwe pia, aitwe jina, aimbiwe, aonyeshwe ndege na maua njiani kwenda shambani.

Kazi haijakwisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30. Tumepiga hatua, lakini watoto watatu kati ya kumi hawafikii kimo chao, katika nchi yenye milima inayolisha miji kwa mboga. Mgeta inaonyesha kwa nini hilo linawezekana. Kabichi hupanda gari kwenda sokoni, fedha hurudi, lakini saa za mama hazirudi.

Kwa hiyo historia hii inatupa mizani ya kupimia mambo. Kila mpango unaopelekwa mlimani, uwe wa kilimo, barabara, maji, shule au mikopo, uulizwe swali moja kabla ya kusainiwa: utaongeza au utapunguza muda na mikono inayomshika mtoto? Bomba la maji karibu na nyumba ni elimu ya awali, kwa sababu linamrudishia mama saa nzima. Darasa la awali lisilo mbali linamfungua dada mkubwa na kumpa mdogo wenzake wa kucheza nao. Mjomba na baba wanaoshika zamu ya kumlisha mtoto jioni wanaendeleza desturi ya mlimani kwa namna mpya, kwa sababu desturi hiyo haikukusudia mama awe peke yake.

Walimu wa vyuo vyetu nao wana wajibu. Mwanafunzi wa ualimu anayesoma Piaget na Vygotsky aambiwe pia kwamba nadharia ya mfungamano ilipata ushahidi wake wa kwanza wa majumbani Buganda, kwamba mfumo wa lishe wa dunia ulijengwa juu ya uzoefu wa Iringa, na kwamba mwana hiti wa Uluguru alikuwa kitabu cha malezi cha mti. Akilijua hilo, ataingia kijijini kuuliza kabla ya kufundisha, na akina mama watakuwa na mengi ya kumjibu.